Fundi Pumzi na Lensi Iliyopoteza Rangi

Mdogo wangu, niliyetoka naye tumbo moja, watu wanamwita Fundi Pumzi, na wasiomjua wanadhani ana pumu. Hana pumu. Kifua chake ni mivukuto ya mhunzi. Jina hilo amelipata kwa sababu ukimpelekea lensi ya kamera ya zamani, hata salamu hajaimaliza, ataisogeza mdomoni aihemee kama mtu anayepasha vidole moto, halafu atulie aangalie ule ukungu unavyoondoka. Ukiondoka sawasawa, kioo ni kizima. Ukibaki mabaka mabaka, pana mafuta, au pana kuvu, au pana mtu aliyesugua kwa pindo la shati. Huyo wa pindo la shati ndiye adui yake hapa duniani.

Duka lake ni chumba kimoja, kimebanwa kati ya mchonga funguo na ngazi za kupanda ghorofani. Ndani mna meza, taa yenye kofia nyeupe, na kabati la droo ndogondogo alilolichukua kwa fundi cherehani aliyefunga kazi. Zamani lilijaa vifungo. Sasa limejaa vifuniko vya lensi, pete za kuunganishia lensi ya kamera hii na mwili wa kamera ile, na vile vikombe vyeusi vya bati vinavyovikwa mdomoni mwa lensi kukinga jua. Mteja akija na lensi isiyo na kifuniko, mdogo wangu hachukui rula. Anapitisha kidole gumba mdomoni mwa lensi, anafungua droo, anatoa kifuniko, kinaingia. Lakini vikombe vina ukorofi wake. Cha lensi hii ukikivika ile kinakula pembe za picha, na bwana harusi anatoka hana sikio.

Kazi yake nyingine ni kutambua utando. Hili nalieleza nilivyolielewa mimi, na anayejua zaidi akaandike yake. Lensi za zamani zilipakwa utando mwembamba sana juu ya kioo, ili picha isipauke ukipiga kuelekea kwenye mwanga. Fundi anaiinamisha lensi chini ya taa. Ndani utaona vitaa vidogo vimejipanga, maana kila uso wa kioo unarudisha kitaa chake. Kitaa kikiwa cheupe, uso huo uko uchi. Kikiwa cha zambarau au buluu, umepakwa utando mmoja, wa kizamani. Kuna wa rangi ya asali. Ukiona kijani na rangi nyingine zimechanganyika, hizo ni lensi za baadaye, zimepakwa tabaka juu ya tabaka. Huo wa kizamani ni laini. Ukisuguliwa vibaya unaondoka, na ukiondoka, umeondoka.

Kwa muda mrefu kabla ya haya ninayoyaeleza, mdogo wangu alikuwa akilalamika. Kila lensi inayoingia dukani, anasema imefutwa. "Watu wamekuwaje, Dada? Wanasugua lensi kama masufuria." Dereva mmoja mstaafu alimletea lensi yake, akamgombeza mpaka mzee wa watu akaondoka amenuna, akiapa kuwa haijawahi kutoka kwenye mfuko wake.

Ndipo akaja mpiga picha wa harusi, mwanamke kijana, amebeba lensi ya marehemu baba yake ndani ya soksi. Kioo chote kilikuwa kimefunikwa na vumbi lililoshikana na mafuta. Alitaka isafishwe, itafutiwe kifuniko na kikombe chake, halafu aambiwe ina utando gani.

"Nilipokuwa mdogo baba alikuwa ananiinamishia niione zambarau," alisema. "Nitakapoifuata itakuwa nayo bado?"

Mdogo wangu akamjibu, nami nipo nimekaa pale pale, "Mwanangu, mimi nafuta uchafu. Rangi siifuti."

Kifuniko kilipatikana hapo hapo. Kikombe hakikupatikana kwenye droo, akamwambia ampe muda atafute. Yule binti akaenda zake ametabasamu.

Wiki ile mdogo wangu hakuja kula kwangu. Yeye tangu afiwe na mkewe hula kwangu kila Jumapili, na hajawahi kuacha chakula kwa sababu ya ugonjwa wala mvua. Nikavaa viatu nikamfuata. Nilikuta mlango wa duka umerudishiwa, naye amekaa mbele ya taa, mikono juu ya mapaja, lensi iko kwenye kitambaa mbele yake kama maiti inayosubiri kuoshwa.

"Nimeifuta, Dada."

"Umefuta nini?"

"Zambarau ya watu. Palikuwa na doa la mafuta katikati, likakataa kutoka, nikasugua. Nimesugua kuliko inavyotakiwa. Tazama, vitaa vya mbele vyote vimepauka."

Nikaichukua, nikaiinamisha kama anavyofanya yeye. "Mbona zambarau hii hapa."

"Usinionee huruma."

"Mimi? Lini umeniona nikikuonea huruma?"

Hilo alijua ni kweli. Lakini hakuniamini. Akasema amekwisha kata shauri. Yule binti akija atamwambia ukweli, atampa lensi yake mwenyewe, ile aliyoanzia kazi, na baada ya hapo duka basi. Fundi akishavunja neno lake juu ya kioo cha marehemu, watu watamkabidhi nini tena?

Nilimwacha aseme. Nikatoa mkobani shati lake nililokuja nalo lenye kifungo kilichokatika, na nyuzi mbili mpya nilizonunua njiani, moja ya kahawia na moja ya zambarau iliyokolea, ile ya nguo yangu. Akazitupia jicho.

"Sasa nyuzi mbili za kahawia za nini? Umeanza kusahau?"

Nikaliweka shati chini. "Rudia."

"Zote kahawia, Dada. Kwani umeuziwa gizani?"

Nikaziweka chini ya taa yake. Nikamwuliza ipi ya zambarau. Akacheka kwanza, akidhani namchezea. Kisha akaziinua, akazisogeza karibu, akazipeleka mbali, akasimama akaenda nazo mlangoni kwenye jua. Alikaa pale mgongo umenigeukia. Aliporudi hakuwa na kicheko.

"Kumbe ni macho," nikasema. "Haya, vaa viatu tuite mchonga funguo aitazame lensi, yaishe."

"Nikimwuliza mchonga funguo rangi ya lensi, kesho mtaa mzima utajua Fundi Pumzi anaulizia rangi." Halafu akasema jambo ambalo sikuweza kulipinga, na mimi si mtu wa kushindwa maneno. "Sawa, wewe unaona zambarau. Je, unaona kama pale katikati niliposugua pamepungua? Upara kwenye utando huwa mdogo kama kucha ya mtoto, na ndio unaoharibu picha. Huo hawezi kuuona mchonga funguo, wala wewe. Ni mimi tu, na mimi sioni."

Kwa hiyo tulikuwa na mambo mawili badala ya moja. Macho yake yalikuwa mabovu, hilo lilishajulikana. Kama na mkono wake nao ulikosea, hakuna aliyejua.

Kumpeleka kwenye matibabu ya macho ilikuwa kama kumwogesha paka. Mara kuna foleni, mara kuna mteja anamsubiri, mara yatapona yenyewe. Nilimwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mkuu wake aliyebaki duniani ni mimi peke yangu. Akaenda akinung'unika njia nzima.

Muuguzi alimmulika, akamwambia ana mtoto wa jicho, yote mawili, la kulia limekomaa. Akaeleza kwa upole kuwa ndani ya jicho mna lensi, na lensi yake imegeuka njano kama gazeti lililokaa dirishani. Zambarau na buluu hazipiti vizuri. Itatolewa, atawekewa nyingine.

Mdogo wangu akawaza kidogo. "Hiyo nyingine, imepakwa utando?"

"Mzee, mbona unauliza kama unakwenda kuinunua?"

"Na inashikiliwaje? Kwa hesi, kama skrubu?"

Muuguzi akaweka tochi chini, akacheka mpaka akajifuta machozi. Akasema miaka yote hiyo ya kazi hajaulizwa swali hilo, na kwamba haina hesi, ina vikono viwili vidogo vinavyoshika vyenyewe. Mdogo wangu akatikisa kichwa kwa heshima, kama fundi anayesikia kazi ya fundi mwenzake. Lakini nje alinishika mkono, jambo asilolifanya tangu tukiwa watoto. Jicho la kulia ndilo la kazi. Likiharibika, mpaka neno la kumwambia yule binti litakuwa la kubahatisha.

"Litafunguka," nikasema.

"Umejuaje?"

"Nimesema."

Siku za kusubiri zamu yake hakukaa tu. Alisema hata kama lensi imekufa, izikwe na kikombe chake. Akazunguka kwa wauza vitu vya zamani, akafukua makasha ya nyaya na saa mbovu, akipima kwa kidole gumba, maana kidole hakihitaji rangi. Alirudi mikono mitupu kila siku. Halafu jioni moja aliingia kwa mchonga funguo kuomba bisibisi, akaweka mkono kwenye kikombe cheusi jamaa alichokuwa akiwekea misumari, na mkono ukabaki pale.

"Hiki umekitoa wapi?"

"Mbona kipo hapa tangu nifungue duka. Kwani kina nini?"

"Mwaga misumari."

Kikaingia mdomoni mwa lensi kwa robo mzunguko tu, tak, kikashika. Mchonga funguo akadai apewe chombo kingine cha misumari, akapewa kopo la maziwa, akasema afadhali hili, kile kilikuwa kinamkata kidole.

Siku ya kutolewa bandeji ya jicho la kulia, lililotangulia kupasuliwa, nilikuwepo. Alipepesa, akazungusha macho chumba kizima, akatazama ukuta, akatazama shuka, akaishia kwangu. "Dada," akasema, "umezeeka lini?"

"Zamani. Ulikuwa huoni."

Hakutaka kwenda nyumbani. Tulikwenda moja kwa moja dukani, yeye mbele mimi nyuma, magoti yangu yakilalamika. Yule binti alikuwa amepewa ahadi ya mchana ule ule, kwa hiyo hapakuwa na muda wa kujipanga. Akawasha taa. Akakaa. Akafunika jicho la kushoto kwa kiganja, akaiinua lensi, akaiinamisha taratibu, huku na huku, kutoka ukingoni mpaka katikati. Mimi nilisimama kwa nyuma, nikimsoma mgongoni. Mgongo haukusema kitu.

Kisha akahamisha kiganja, akafunika la kulia, akaitazama kwa lile la kushoto ambalo bado ni bovu. Akarudia. La kulia, la kushoto, la kulia.

"Ipo," akasema.

"Mpaka katikati?"

"Mpaka katikati. Hakuna upara. Dada, zambarau yote ipo, na huku nyuma kuna kitaa cha buluu ambacho hata sikujua kipo." Akaiweka chini kwa mikono miwili, akainamisha kichwa juu ya meza, mabega yakatikisika. Sikumgusa. Mtu akitua mzigo, mwache kwanza anyooshe shingo.

Mpiga picha alipoingia alimkuta ameshaosha uso. Mdogo wangu hakumficha. Alimwambia kuwa alidhani ameifuta, kwamba macho ndiyo yaliyokuwa na utando wake, na kwamba angemkuta na habari nyingine kama si huyu dada yake mbishi. Binti akaisogeza chini ya taa, akaiinamisha kama alivyofundishwa na baba yake.

"Ungeniita tu, Fundi. Mimi macho yangu mazima, ningekuambia ipo."

"Ningekuitaje, mwanangu, nami nilikuwa nakukimbia?"

Wakacheka wote wawili. Mdogo wangu akaivika lensi kikombe chake, akamwonyesha ile robo ya mzunguko, akamwambia utando ni mmoja, wa kizamani, apige kuelekea dirishani bila hofu ila kikombe asikisahau, na akamkabidhi brashi laini ili asije akashawishika na nguo aliyovaa. Binti akaondoka ameikumbatia. Ile soksi aliiacha mezani.

Nilidhani sasa ataanza kuwatafuta wenye lensi zote alizozisingizia kufutwa, na dereva mstaafu aombwe radhi. Hayo yalikuja baadaye. Wakati ule alisema tu, "Dada, rudishia mlango kidogo." Akaegemea kiti, akaweka miguu juu ya kasha la pete, na kabla sijamaliza kurudishia mlango alikuwa ameshaanza kukoroma. Tangu siku ile ya doa la mafuta hakuwa amelala usingizi wa maana.

Nikavuta kigoda nikakaa mlangoni. Wateja walikuja, mmoja na lensi isiyo na kifuniko, mwingine na kamera iliyokwama. Niliwaambia fundi yupo, mzima, amelala, na asiyeweza kusubiri akatafute fundi mwingine. Walisubiri.