Eneless wa Redio na Meza za Kashikishi

Eneless Chalwe hakuwa na sauti nzuri. Ilikuwa nzito, yenye mkwaruzo wa moshi wa jikoni, na kabla ya kila habari alikohoa kidogo. Watu wa Nchelenge, mji wa Zambia kando ya ziwa Mweru, mkabala na Kongo, walisema mvua ikitaka kunyesha hutanguliza radi, na Mama Eneless akitaka kusema kweli hukohoa.

Redio yenyewe ilikuwa vyumba viwili nyuma ya ukumbi wa zamani wa mji, na mlingoti uliokazwa kwa nyaya. Ilikuwa mali ya umma, na umma ulijua hivyo: watu waliingia bila kubisha, wakataka tangazo la msiba lisomwe, au wakauliza tu kama umeme utarudi. Mchana kutwa redio ilisema Kibemba. Jioni nusu saa ilikuwa ya Kiswahili, kwa ajili ya Wakongomani waliokuja kununua samaki soko la Kashikishi, na tangu vita vilipoanza upya ng'ambo, kwa ajili ya wale waliovuka ziwa na magodoro yao kichwani. Nusu saa hiyo ilikuwa ya Eneless. Kiswahili alikipata Lubumbashi, alikokwenda akiwa bibi harusi wa fundi wa reli. Alirudi na mwili wa mumewe kwenye jeneza. Lugha ilirudi yenyewe, haikuhitaji kubebwa.

Alieleza ugomvi wa madiwani, bomba lililokauka, kesi za mahakama ndogo, na habari za vita kadiri zilivyofika. Akiwa hewani alikaa bila viatu, kibakuli cha mihogo na karanga pembeni, na ukisikiliza vizuri ungemsikia akimeza. Hakuwa na maadui wengi kwa mtu mwenye kazi ile, kwa sababu ya sharti lake moja: hakuna anayesemwa redioni kabla hajaulizwa.

"Mutu haiko mufupa wa kutupia mbwa," alikuwa akisema.

Kiangazi cha mwaka 1999 watu wenye bunduki walivamia mitumbwi ya Nchelenge ziwani, wakachukua injini na nyavu. Hakuna aliyekufa, wala hakuna aliyewaona sura. Hata hivyo, tangu siku hiyo Kiswahili kilisemwa kwa sauti ya chini sokoni, na baadhi ya wauzaji waliacha kuwajibu wanawake wa Kikongomani waliowasalimu.

Mwenyekiti wa kamati ya soko alikuwa Bwana Kafula, mtu mpole aliyeogopa sana kuonekana mpole. Alifika redioni na tangazo: meza zote za Wakongomani ziondolewe kabla ya Ijumaa. Alitaka Eneless alisome kwa Kiswahili, asipatikane wa kusema hakusikia.

Eneless alilisoma kimya, akauliza kama wanawake wenyewe wameulizwa neno. Kafula akamwambia kamati imeshaamua. Basi Eneless akavaa viatu, akatundika kinasa sauti begani, kile kizito kilichomfanya atembee kama mtu mwenye mguu mmoja mfupi, akamwomba mwenyekiti waongozane sokoni. Kafula hakupata njia ya kukataa mbele za watu waliokuwa wamekaa barazani.

Meza ya Agnès ilikuwa karibu na maji. Mama huyu wa Kilwa, ile ya Kongo ng'ambo ya ziwa, alinunua chisense, wale dagaa wadogo wa Mweru, akawaanika na kuwapeleka Lubumbashi, na kwa faida hiyo alilisha wanawe na wa dada yake, ambao walikimbia vita na sasa walilala naye chumba kimoja. Meza ikiondoka, watoto hao wangerudi walikotoka, na walikotoka kulikuwa na bunduki. Alishiriki meza hiyo na Suzanne, Mluba kutoka mbali, aliyefika bila ndugu yeyote.

Kafula alizungumza kwanza. Alisema watu wa ng'ambo wanaleta wezi, kwamba usalama ni wa wenyeji kwanza. Alisema vizuri, na wengi wakatikisa vichwa kukubali. Kisha Eneless akamsogezea Agnès kipaza sauti.

Agnès hakujitetea. Alifuta magamba mikononi akauliza, "Ba Kafula, mbele ya kukujibu, uniambie: ukoo yako ni gani?"

Koo za pwani hii haziujui mpaka. Ziko Kilwa kama zilivyo Nchelenge, na kila ukoo una watani wake, ambao hutukanana mchana na kuzikana siku ya msiba. Kafula aliona anakopelekwa. Angeweza kusema uongo, lakini mtu wa mkoa huu wa Luapula haukani ukoo wa mama yake, hasa kwenye redio ambayo mama huyo anaisikiliza.

"Mwina Mbushi," alisema kwa shida. Wa ukoo wa Mbuzi.

"Aa. Miye ni Mwina Ngo." Wa Chui, watani wa Mbuzi. "Basi batu banione: chakula yangu inanifukuza ku meza."

Soko lilicheka hadi wavuvi majini wakauliza kuna nini. Kafula akaondoka.

Lakini kicheko hakiondoi tangazo. Mkuu wa redio, Bwana Mwaba, aliisikiliza kanda akakataa kuirusha. Alimweleza Eneless, kwa upole, kwamba wakati wa vita Mkongomani akisikika akisema atamla Mzambia, wapo watakaocheka na wapo watakaochukua mapanga. Hakuwa mjinga, alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na akili. Akaamua tangazo lisomwe peke yake. Eneless akajibu kwamba peke yake hatalisoma, atafute msomaji mwingine. Wakakaa hivyo, wazee wawili wanaopendana, hakuna anayemtazama mwenzake, hadi mlango ulipofunguliwa bila kubishwa.

Alikuwa Kafula, ametoka jasho. Hakuuliza habari ya tangazo. Aliuliza kama kanda imeshasikika, kwa sababu njiani amepata jibu, na haiwezekani dunia isikie maneno ya yule mama bila la kwake.

Mwaba akacheka mwenyewe, akasema kama mbuzi ameridhika, yeye ni nani. Nusu saa ya Kiswahili ilipofika, Eneless alieleza utani ni nini kwa wasioujua, akairusha kanda nzima, na Kafula akaketi mbele ya kipaza sauti.

"Agnès, unisikie," alisema. "Chui gani huyu ameshindwa kuwinda, anaanika chisense? Wewe ni paka. Na paka hafukuzwi nyumbani. Akiondoka, nani atanizika?"

Hapo kipindi kingeweza kuisha, kila mtu akiwa na furaha. Eneless akakohoa.

"Na Suzanne, batata," aliuliza, akimwita Kafula baba kwa heshima, "huyo je? Ni Muluba. Hana ukoo huku, hana mutani. Yeye aende?"

Hewani kukawa kimya. Kwenye nyumba, kwenye vibanda vya soko, kwenye kambi za wavuvi hadi Mununga, watu waliusikia ukimya huo na kusogea karibu na redio zao. Kafula aliitazama sakafu. Waliokuwa chumbani, walioijua sura ile, walisema baadaye kwamba aliona aibu, si ya kushindwa, ila ya kuulizwa jambo ambalo moyo wake ulikuwa umelijua tangu mwanzo.

"Wanakaa meza moja," alisema hatimaye. "Chui hatenganishwi na mkia wake. Wote wabaki. Kamati nitaiambia mimi."

Si kamati yote iliyokubali, na wapo walioendelea kununa. Lakini Ijumaa meza zilikuwa mahali pake. Kafula alipita karibu na maji, akajaza konzi ya chisense bila kulipa, kama mtani anavyoruhusiwa, akaendelea na safari yake akitafuna. Suzanne, asiyejua mila hiyo, alisimama amkimbilie. Agnès akamshika kanga.

"Umuache," alisema. "Mbuzi anakula."