Kikombe cha Kupimia Mahindi ya Kuku

Nimekuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu hapa Kansay kwa miaka mingi, hata kuna watoto wanaodhani Mwenyekiti ndilo jina nililobatizwa. Sikuchaguliwa kwa utakatifu. Nilichaguliwa kwa sababu naweza kusema mbele za watu bila kushika karatasi, na kwa sababu sebule yangu ni kubwa na vikombe ninavyo vya kutosha. Lakini ukiitwa mtu mwema kila Jumamosi, mwishowe unaanza kuamini. Nilifika mahali ambapo nikipita njiani na mama mmoja akawa anamtukana mtoto wake, akiniona ananyamaza, nami nilikuwa nikionea raha ukimya ule. Nilidhani huo ndio mwanga tulioambiwa tuuweke juu ya kinara.

Jumuiya yetu ni kaya za jirani zinazokusanyika Jumamosi asubuhi, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Tunasoma Injili, tunaombeana, kisha tunakunywa chai. Chai ndiyo inayoleta watu, tuseme ukweli.

Nyumba ya tatu kutoka kwangu aliolewa binti kutoka upande wa Baray. Kwao hawakuwa watu wa kanisa. Mumewe ni mpishi katika loji karibu na lango la Ngorongoro, anakaa huko wiki kadhaa ndipo anarudi nyumbani kwa siku chache, kwa hiyo binti alibaki na mama mkwe wake. Alikuwa mwepesi wa kucheka, na alinipenda kama mama yake. Siku moja alisema mbele ya kina mama wote kwamba anataka kuanza mafundisho ya ubatizo, na alipoulizwa nini kimemvuta, akanionyesha mimi kwa kidevu. Akasema ameona ninavyoishi. Nilitazama chini kwa unyenyekevu, lakini moyoni nilikuwa nacheza ngoma.

Muda mfupi baadaye alijifungua mtoto wa kwanza, na mtoto akafariki akiwa na siku nne.

Hapa ni lazima nieleze jambo ambalo sisi Wairaqw hatulitaji mbele ya padre. Zamani, mama aliyefiwa na mtoto mchanga alitengwa. Tuliita metimani. Hakwenda kwa jirani, hakupita karibu na zizi la mtu, hakunywa katika chombo cha wengine, hadi miezi ipite na wazee waseme imetosha. Iliaminika kwamba msiba ule unamfuata kama kivuli, na ng'ombe mwenye mimba ndiye wa kwanza kuupata. Siku hizi tunasema mambo hayo yamekwisha. Tuna simu za kupangusa na watoto walioko vyuoni, kwa hiyo yamekwisha. Mama mkwe wa binti yule hakuwa amepata habari hiyo. Alimtengea sahani yake na kumwambia asivuke uzio.

Niliposikia, nilipandwa na hasira. Nilichukua Biblia yangu nikaenda. Nilimkuta yule bibi anachambua maharage uani, nikamsomea habari za mwanamke aliyetokwa na damu miaka kumi na miwili, ambaye hakutakiwa kumgusa mtu, akagusa pindo la vazi la Yesu. Nilisema vizuri siku ile. Nilisema mpaka nikajiliza mwenyewe. Bibi alinisikiliza bila kuacha maharage yake, na nilipomaliza akaniambia kwamba kama ni hivyo, basi binti aanzie kwangu. Jumamosi ile jumuiya ilikuwa nyumbani kwangu.

"Na aanzie kwangu," nikasema.

Binti alikuwa amesimama mlangoni. Alifunika uso kwa kanga yake akalia, na mimi nikaondoka pale nikitembea kama askofu.

Ijumaa jioni nilikuwa naosha vikombe vya wageni, vile vya maua, nikamsikia mtamba wangu akikohoa zizini. Alikuwa na mimba yake ya kwanza, zimebaki wiki mbili azae. Nikasimama na kikombe mkononi. Nilimkumbuka mama yangu mzazi, aliyewahi kufiwa na kichanga nikiwa na umri wa miaka saba au minane. Alikaa peke yake nyuma ya nyumba, akila katika kibuyu chake, na bibi yetu alituchapa tulipomkaribia. Mwaka ule ng'ombe wetu alitupa mimba. Huenda ni ukame, huenda ni ugonjwa, lakini nyumbani kwetu hakuna aliyesema ukame. Nilijua kabisa jinsi mama yangu alivyoonekana akiwa amekaa kule nyuma. Sikuhitaji mtu wa kunifundisha.

Jumamosi nilimsubiri binti kwenye njia tangu mapema. Kila anayekuja kwangu hupita mbele ya zizi, ndiyo njia yenyewe. Mimi nilimshika mkono nikamzungusha upande wa mahindi, kwenye umande, sketi yake ikalowa hadi magotini. Alidhani ninampa heshima ya kumpokea mbali. Alinishukuru.

Ndani nilimkalisha karibu nami. Tulisali, tukamwombea, kina mama wakalia naye. Kama siku ile ingeishia pale, leo ningekuwa naisimulia kwenye semina.

Nikaingia jikoni kupanga vikombe. Tulikuwa wanawake kumi, na vikombe vya maua ninavyo kumi na viwili. Havikupungua. Naliandika hili kwa sababu kwa muda mrefu nilijidanganya kwamba vilipungua. Mkono wangu ulivipita ukaenda hadi msumarini, penye kikombe cha plastiki cha bluu nilichokuwa nikipimia mahindi ya kuku. Nilikiosha mara mbili kwa sabuni. Nikakijaza chai yenye maziwa mengi kuliko ya wote, sukari nayo nikaongeza, nikampelekea kwa mikono miwili. Alikipokea akanywa. Hakuonyesha lolote, labda hakuona lolote, maana chai ni chai na kikombe ni kikombe.

Mambo yalikuja mwishoni. Kwetu chai ikiisha, walio wadogo kwa umri huinuka kukusanya vyombo na kuviosha. Binti aliinuka. Alipanga vikombe vya maua kwenye sinia, akaweka na chake juu yao. Nikaona ile plastiki ya bluu imekaa ndani ya kikombe changu cha maua, na mdomo wangu ukatangulia.

"Hicho kiache, mwanangu," nikasema. "Hicho kiache hapo hapo."

Sikusema kwa ukali. Nilisema kwa sauti yangu ya mwenyekiti, ile ya upole. Hakuna Mwiraqw aliyekuwamo sebuleni mle ambaye hakuelewa. Yeye alielewa kabla ya wote. Alikitoa kile kikombe kwenye sinia, akatoka nacho nje, akakisuuza kwa maji ya ndoo, akakifunga kwenye pindo la kanga. Akaniaga vizuri, akaondoka. Alipita upande wa mahindi mwenyewe, bila kuelekezwa.

Mtamba alizaa salama, ndama jike mwenye baka jeupe usoni. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, na kwa siri nikajipongeza mwenyewe kwa tahadhari yangu. Kwa hilo pekee naona aibu hadi leo nikimpita yule ng'ombe.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa kwa mama mwenye duka. Nilidhani binti hatakuja, na nikiri kwamba nilitumaini hatakuja. Alikuja. Chai ilipoletwa alifungua pindo la kanga akatoa kikombe cha bluu.

"Nimekuja na changu, mama," alimwambia mwenye nyumba, "nisiwasumbue."

Nilisubiri mwenye nyumba akatae. Nilimtazama kwa macho ya kumsihi, kana kwamba yeye ndiye mwenyekiti. Akakipokea, akakijaza, akamrudishia. Jirani yangu wa kulia, mama mmoja ambaye kwa miaka kumi nilikuwa nikimhubiria aache kwenda kwa waganga, akaniinamia sikioni na kuninong'oneza kwamba nilifanya vizuri, kwamba watu wengi walikuwa wanaogopa kufanya hivyo wakihofia wataonekana si Wakristo, lakini sasa wameona hata mimi nafanya. Alinishika goti kwa upendo kabisa.

Miaka yote niliyosema, hakuna aliyeniiga. Nilisema kuhusu pombe, wakanywa. Nilisema kuhusu kusengenya, wakaniitikia amina na kunisengenya wakirudi nyumbani. Jambo moja nililofanya bila kulisemea neno, hilo walilishika wote kwa wiki moja. Binti akawa mtu wa kuja na kikombe chake kila nyumba, na kila nyumba ikakipokea.

Nilikwenda kuungama. Nilianza kwa kuzungukazunguka, nikasema nimepungukiwa na upendo kwa jirani. Padre si mjinga, akauliza upendo upi na jirani gani. Nilipomaliza kumweleza, akaniambia niende kwanza kwa binti mwenyewe.

Nilikwenda, na mama mkwe alikuwa shambani. Binti aliniamkia, akanipa kiti, akaniletea chai katika kikombe cha kauri, kile kizuri cha nyumba ile, mwenyewe akanywea cha bluu. Nilimwomba msamaha. Safari hii maneno hayakuwa mengi. Nilimweleza hata habari za mtamba. Alinisikiliza akitazama nje.

"Nilishakusamehe, mama," akasema. "Nilikusamehe siku ile ile, nikiwa njiani." Alikuwa anakizungusha kile kikombe mikononi. "Lakini ulisema mbele yao. Sema tena mbele yao kwamba ulikosea, na mimi nitakiacha nyumbani."

Hakuomba kingine. Nikaahidi. Nilimwahidi Jumamosi hiyo hiyo.

Jumamosi hiyo alikuja katekista kutoka kigango kingine, nikaona si vizuri kuanika mambo ya ndani mbele ya mgeni. Iliyofuata kulikuwa na mgonjwa wa kuombewa. Kisha mvua, kisha mavuno ya maharage, kisha Kwaresima, nikaona Kwaresima ndiyo hasa, nikaandika hata maneno ya kusema nyuma ya bahasha, halafu nikaisahau bahasha ndani ya Biblia nyingine. Kila mara alikuwa ananitazama tukifika kwenye matangazo. Baadaye akaacha kunitazama.

Pasaka alibatizwa, na mimi nilikuwa mama yake wa ubatizo. Sikumwomba, aliniomba yeye. Nilisimama nyuma yake, mkono wangu wa kulia begani mwake, padre akammwagia maji, watu wakapiga vigelegele. Nilijua ninachomwomba Mungu aniondolee, na nilijua dawa yake ilikuwa mdomoni mwangu mwenyewe. Jumamosi baada ya hapo alikuja na gauni lake jeupe, na kikombe ndani ya kanga. Miezi ya wazee ilikuwa imekwisha kitambo. Hata mama mkwe wake alikuwa anakula naye sahani moja. Desturi ile ilikuwa imekufa nyumbani kwake, ikabaki kwenye jumuiya.

Mtu atauliza kwa nini hakuna aliyemwambia aache. Nadhani walikuwa wananisubiri mimi. Ndiyo kazi ya mtu wa mfano, watu humsubiri.

Mwaka uliofuata alipata mtoto wa kike, na huyo akaishi. Sasa ana miaka miwili na kidogo, anatembea akishika sketi ya mama yake, anaimba wimbo wa sadaka akikosea maneno, na anasalimia kila mtu shikamoo hata kuku. Jumamosi iliyopita tulikuwa kwangu. Maziwa ya chai yalitoka kwa yule ndama mwenye baka, ambaye sasa ni ng'ombe mzima na ndiye anayekamuliwa.

Nilipanga vikombe vya maua mezani, nikachukua birika. Mtoto alikuwa amesimama kwenye kona ya meza, macho yake usawa na vikombe. Akavutwa na yale maua, nani asivutwe, akanyoosha mkono akashika kimoja penye kishikio. Mama yake aliinama, akamfungua vidole taratibu.

"Hicho kiache, mwanangu," akamwambia. "Chetu ni hiki."

Hakunipiga kijembe. Nilimtazama usoni nikitafuta kijembe, na ningeshukuru kukikuta. Alisema kama mama anavyomfundisha mtoto kunawa kabla ya kula. Kina mama waliendelea na habari zao za bei ya mbaazi. Mtoto hakulia. Alikichukua kikombe cha bluu, ambacho kimeparara sasa na rangi imekwenda, akanizungukia nilipo, akaninyooshea kwa mikono miwili, jinsi alivyofundishwa kupokea kwa wakubwa.

Nilikuwa nimeshika birika, na wote walikuwepo, wale wale wa siku ile. Mdomo nilikuwa nao.

Nikamimina.