Herufi Zilizoachwa Wazi

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilisikia mkwaruzo wa kisu juu ya bati kabla sijaona chochote. Nilikuwa napita nyuma ya bucha pale Kitengela, miaka ile simu za mkononi zilipoanza kuingia. Nilipozunguka kona nikamwona Mama Halima amepanda kiti, anakwangua bango langu.

Lilikuwa la kwanza kulichora bila mwalimu. Mama Halima, aliyehama kutoka Garissa kuja kuuza simu, alitaka neno moja juu ya mlango: KESHO. Nikamchorea herufi ninazozipenda hadi leo, hizi unazonikuta nikichora: za mviringo, hazina pembe, ndani tupu, mstari tu unazizunguka kama bomba lililokunjwa. Nilizitoa kwenye jalada la santuri ya baba. Watu wa zamani walidhani kesho itafanana hivyo, kila kitu laini, kila kitu kikielea.

Kumbe jirani mwenye bucha alikuwa akimcheka tangu alfajiri. Alimwuliza kama fundi wake ameenda Namanga kutafuta rangi ya kumalizia.

"Wewe msichana," Mama Halima akaniambia bila kushuka, "duka nafungua leo. Jaza hizi herufi, ama niite mtu mwingine."

Nikasema sijazi. Nilisema kwa sauti ndogo, lakini nilisema. Ningezijaza zingekuwa herufi za kila duka.

Mzee Mutua, aliyenifundisha kazi kule Kajiado, alikuwa amekuja kuliona bango siku hiyo. Nilidhani atanitetea. Akanivusha barabara, akanigeuza niangalie. Kutoka pale neno lilikuwa limepotea, hata herufi ambazo kisu kilikuwa hakijazifikia. Ulionekana ukungu tu juu ya mlango.

"Kuacha wazi si kosa," akasema. "Lakini huu mstari unaomba msamaha. Mueni, ukikataa kujaza, kataa na mkono wote."

Yaliniuma, maana ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeuchora mwembamba makusudi, ili nikigombezwa nijaze haraka.

Nikarudi, nikamwomba Mama Halima anipe hadi alasiri, na anipe kisu. Akashuka kwenye kiti, akanipa. Nikakwangua mwenyewe mpaka bati likabaki tupu, nikaanza upya na brashi pana. Mstari mnene, upana mmoja, S ikipinda bila kukonda, O ikifunga pale pale ilipoanzia. Jua lilinichoma shingo, bega likafa ganzi. Sikushuka.

Alasiri jirani wa bucha akasimama ng'ambo na aproni yake ya damu, akasoma polepole. "Kesho. Mama, hii duka yako inaenda mwezini?"

"Inaenda," akasema Mama Halima. "Wewe baki na ng'ombe yako."

Basi, mwanangu, Jumatatu unaanza kazi ya mabango Rongai. Watakuambia ujaze, uongeze, ufanye kama wengine. Wasikilize kwanza, uvuke barabara uangalie. Huenda wako sawa. Lakini ukishaamua, usijiwekee pa kutorokea. Woga wako utasomwa kabla ya neno lako.

Mungu akupe mkono usiotetemeka. Akupe wateja wabishi, na kazi ya kuwajibu. Uzeeke ukiwa bado na rangi kwenye kucha.

Haya, nenda. Vuta mlango ukitoka, nje kuna vumbi na rangi hapa bado mbichi. Vuta na nguvu.

Hivyo.