Kichwa Kimekufa Njiani

Ilikuwa mwaka ule jukwaa la stesheni lilipoezekwa bati. Hapana, nakosea. Bati lilikuja baadaye, maana nakumbuka jua lilivyotuchoma utosi. Basi ni mwaka wa kabla ya bati.

Mimi nilikuwa kwenye mizani, chumba cha vifurushi. Magunia, baiskeli, vitanda, masanduku ya vifaranga, vyote vilipita kwangu, na kutoka kwangu vilikwenda kwa Pisha. Si jina alilopewa na mama yake. Alikuwa mchukuzi, na siku nzima aliposukuma toroli lake neno lilikuwa hilo hilo: pisha mama, pisha mzee. Mtu wa watu. Bibi kizee akishindwa ngazi za behewa, Pisha humnyanyua pamoja na kikapu chake, akamwambia yeye ndiye mzigo mwepesi kuliko yote ya leo.

Pisha na binti aliyekuwa karani wa tiketi walipendana. Kikwazo kilikuwa baba wa binti, fundi cherehani, aliyesema hamwozi mwanawe kwa mtu wa kubeba vya watu. Mwishowe fundi alipanda treni kwenda kwa kaka yake kutaka shauri, akaahidi kurudi na neno la mwisho. Pisha akawa hali wala halali.

Siku ya kurudi, treni ikakwama. Mkuu wa stesheni akapigiwa simu, akatuambia kichwa kimekufa. Kwetu sisi wa reli, kichwa ni injini. Pisha, akitaka kuonekana mkwe mwema, akatoka mbio hadi kwa fundi, akamkuta shangazi wa binti anafagia uani.

"Shangazi, mzee msimngoje saa hizi," akasema huku anahema. "Kichwa kimekufa njiani. Jioni analetwa."

Kisha huyoo, akarudi kwenye mizigo yake.

Sasa nyumba ile ilikuwa na kichwa kimoja tu, fundi mwenyewe. Shangazi alizoea kumwita kaka yake hivyo, kichwa chetu. Ufagio ukamtoka mkononi, akaangua kilio. Muda si muda, uani pakajaa viti vya majirani.

Jioni treni ikaingia, ikivutwa na kichwa cha kuazima. Fundi akashuka mzima, Pisha akapakia sanduku lake, nami nikafuatana nao kwa kuwa njia yetu ni moja. Tukakuta umati. Fundi akamwuliza jirani mgeni, aliyekuwa ameinama, ni nani aliyefariki.

"Fundi," yule akajibu bila kuinua macho. "Kaa, ndugu yangu. Jikaze."

Fundi akakaa. Kweli tena, alikaa. Akauliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Akaambiwa mkali kama pilipili, lakini suruali aliyoishona yeye haifumuki hata uruke mtaro. Nikamwona anaitikia kwa kuridhika.

Ndipo tukamsikia shangazi akiomboleza: kaka ameondoka, na siku ya kusafiri alimnong'oneza kwamba mchukuzi amekubaliwa, sasa nani atasimamia harusi?

"Nilikunong'oneza lini?" fundi akauliza, akisimama.

Watu walitawanyika kama kuku. Mmoja aliparamia ukuta na lango liko wazi. Pisha akaanza kueleza habari za injini, nani wa kumsikiliza? Shangazi akamwendea kaka yake, akamgusa mkono, akamfinya, akaona ni nyama na mifupa. Akafuta machozi.

"Marehemu alikubali," akasema. "Umati wote ule umesikia. Wewe uliye hai ndiye wa kumpinga?"

Fundi alicheka mpaka miwani ikamwanguka. "Haya," akasema. "Neno la marehemu halipingwi. Pisha, ingiza sanduku, mkwe wangu."

Harusi ilifana, na suruali ya bwana harusi aliishona baba mkwe. Mimi nilipokwenda kupimwa yangu, nilimwuliza jambo moja, akajaza pini mdomoni. Nikamwuliza tena miaka na miaka, pini zile zile. Mzee, kule kwa kaka yako ulirudi na neno gani, ndiyo au hapana?