Gunia Nyuma ya Mlango

Juzi nilirudi Gisenyi katikati ya mfungo, nikapita mtaani kwetu saa ya kukaanga sambusa. Harufu ile ikanirudisha barazani kwa bibi, kando ya cherehani yake. Wewe unaijua njaa ya saa tisa, rafiki yangu?

Nilikuwa nafunga kwa mara ya kwanza. Bibi aliahidi kwamba nikifika magharibi nitakula sinia moja na wakubwa. Nikishindwa, nirudi kwenye sahani ya watoto. Sikutaka kitu kingine duniani.

Siku hiyohiyo mwalimu wa biolojia akatufundisha habari za seli. Alisema nguvu zetu zimehifadhiwa ndani ya molekuli ndogo iitwayo ATP, yenye fosfati tatu. Seli ikiikata ile ya mwisho, nguvu hutoka na msuli ukafanya kazi. Akaongeza kuwa ATP iliyomo mwilini haitoshi hata dakika chache. Hapo mvua ikapiga mabati, hatukusikia tena neno, na kengele ikalia.

Nilitembea hadi nyumbani kama niliyebeba mayai. Bibi aliponiuliza kulikoni, nikamwambia nguvu zinaniishia, nitakufa kabla ya adhana. Nililia kweli, maana niliogopa kufa na niliogopa pia kula.

Bibi hakucheka. Mwalimu alipokuja kuchukua suruali aliyoshonewa, akamkalisha kwanza anieleze.

"Mvua ilikula nusu ya somo," mwalimu alisema. "ATP ni sawa makaa yenye iko ndani ya jiko. Inaisha, bon, lakini unaongeza. Gunia iko nyuma ya mulango: sukari yenye ini ilichunga, kisha mafuta. Seli inachoma ile kidogo kidogo, inatengeneza ATP ingine."

"Gunia yake naijua," bibi akasema. "Ni mi nilijazaka na uji ya daku."

Jioni ile nilikula na wakubwa. Bibi alisukuma nyama upande wangu.

Leo bibi hayupo, na barazani kwake wanauza simu. Molekuli zile huvunjwa na kujengwa upya mchana kutwa, kwa hiyo najua hakuna hata moja iliyobaki ya uji wake. Ila kila alfajiri ninapokula daku peke yangu, nikishashiba huwa sinyanyuki upesi. Nasubiri mtu aniambie niongeze kidogo.