Santuri Arobaini Nilizozichagua

Siku ya kwanza nilipofika kazini, Chef, yaani mkuu wangu, alitazama kucha zangu kabla ya kutazama diploma. Nilikuwa nimevaa gauni jipya, na mkononi nilikuwa na barua ya sifa kutoka kwa masista walionifundisha kupiga mashine ya kuandika. Barua aliiweka mezani bila kuifungua. Akanipa mkasi.

"Kata ile makucha, mama," akasema. "Ukikwaruza diski moja, iko imekufa. Hakuna munganga ya diski."

Nikakata. Ndivyo nilivyoingia katika chumba cha santuri cha redio ya mji wetu, ulipoitwa bado Elisabethville. Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo, ikawa na bendera yake na stempu zake, na redio ilihitaji watu wa kujaza saa nyingi za matangazo. Jina langu ni Bernadette Ngalula. Nilizaliwa hapa hapa, lakini baba na mama walitoka Kasai, na katika miaka ile jambo hilo lilikuwa zito kuliko diploma yoyote. Naandika haya kwa ajili ya vijana wa leo wanaochagua nyimbo kwa kugusa kioo. Sisi tulichagua kwa mikono, na nataka mjue mikono hiyo ilifanya nini.

Chef wa santuri alikuwa Baba Chansa, mtu wa Kilwa, kule kwenye ziwa Mweru. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya chini, na alitembea kati ya rafu kama mtu aliye kanisani. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Santuri hushikwa ukingoni, kwa viganja viwili, kamwe si katikati, kwa sababu jasho la vidole huingia katika mfereji ule mwembamba ambamo sindano hupita. Zile za zamani, nzito, zenye mizunguko sabini na nane kwa dakika, zilivunjika kama sahani ya udongo. Zile ndogo za mizunguko arobaini na tano hazikuvunjika, ila zilipinda ukiziacha juani. Kila santuri ilikuwa na kadi yake: jina la wimbo, lugha, muda, hali ya mfereji. Kabla ya kutangaza, uliweka sindano mahali wimbo unapoanza, ukairudisha nyuma kwa kidole robo ya mzunguko, ukasubiri ishara ya fundi nyuma ya kioo. Ukikosea, mji mzima ulisikia.

Kulikuwa na kabati moja ambalo Direkta, Mbelgiji aliyependa mpangilio, alikuwa ameliandika "Muziki wa Weusi". Ndani yake alitia kila kitu: nyimbo za kanisa za Weusi wa Amerika, muziki wa Kuba, filimbi na jazi za Johannesburg, gitaa za wafanyakazi wa migodi yetu, rumba ya Léopoldville, mji mkuu wa Kongo, nyimbo za vijijini zilizonaswa na mapadri. Hakuna aliyejua vizuri kilichomo. Baba Chansa aliniambia nisikilize zote, nijaze kadi.

"Kila diski, unasikiliza mara tatu," akasema. "Ya kwanza, unasikiliza na masikio. Ya pili, unasikiliza ile upande ya nyuma, yenye bantu hawapigake kwa redio. Ya tatu, unaita mutu mwingine, unatazama uso yake."

Juma la pili niliweka kwaya moja ya Amerika. Sikuelewa hata neno. Mwanamke mmoja alitoa sauti, wengine wakamjibu, yeye akakata jibu lao katikati na kupanda juu zaidi. Nywele zilinisimama. Nikamwita Chef.

"Baba Chef, hawa bamama banaitikiana kama bamama zangu kwa kilio. Kama Kasai."

Alisikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma. Kisha akachukua ufunguo wa kabati lile, akautia katika mkono wangu.

"Ile kabati iko yako," akasema.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Tangu siku ile nilipanga kipindi cha mchana, nusu saa kila siku, na sikupanga kwa nchi wala kwa lugha. Niliweka gitaa la mgodi wetu kando ya gitaa la Mississippi, na kwaya ya Amerika kando ya wanawake wa Kasai. Direkta alinung'unika kwamba nachanganya rafu. Barua za wasikilizaji zikaja kwa mafungu, akaacha kunung'unika. Najivunia nusu saa ile hata leo. Watu wa mtaa wa Makomeno na wa mitaa ya wafanyakazi walisikia kwa masikio yao wenyewe kwamba nyimbo hizo ni ndugu, bila mtu kuwahutubia.

Lakini hali ya mji iliharibika. Watu wa Kasai tulianza kutazamwa vibaya madukani. Majirani tuliokua nao wakaacha kutusalimia. Nyumba za watu wetu zilichomwa, na baba yangu, mshonaji aliyeshona suti za nusu ya mtaa, alibeba cherehani yake kichwani akaenda na mama katika kambi ya wakimbizi pembezoni mwa mji. Mimi niliendelea kuja kazini kutoka huko kambini. Kila asubuhi Baba Chansa alinisubiri barabarani na baiskeli yake, akaisukuma kando yangu mpaka mlangoni. Yeye alikuwa mtu wa huku huku Katanga. Akiwa nami hakuna aliyenigusa. Hatukulizungumzia jambo hilo hata siku moja.

Ndipo ikaja amri kutoka juu. Santuri zote za lugha za Léopoldville na za Kasai ziondolewe na kuharibiwa. Zile nzito zivunjwe kwa nyundo; zile ndogo zikwaruzwe kwa msumari, pande zote mbili. Tulipewa siku tatu, kisha Inspekta angekuja kukagua. Direkta alitusomea karatasi bila kuinua macho, akatoka.

Nilikaa juu ya sanduku. Baba Chansa alifunga mlango.

"Ngalula. Unajua rafu ya majaribio?"

Niliijua. Ilikuwa rafu ya chini, nyuma ya meza ya fundi. Santuri zake hazikuwa na wimbo, zilikuwa na mlio mmoja mrefu wa kupimia sindano na mwendo wa mashine. Hakuna aliyezipenda, wala kadi hazikuwa nazo.

"Mule munaweza kuingia diski makumi ine," akasema, yaani arobaini. "Tunabandika karatasi nyeupe juu ya majina, tunaandika 'majaribio' na namba. Ile ingine yote tunavunja kweli, juu Inspekta aone bipande. Kuchagua, njo kazi yako. Miye sijue luga ya kwenu."

"Na bakitupata?"

"Bakitupata, tutakuwa tumepatwa."

Santuri zilizokatazwa zilikuwa mamia. Kwa siku mbili, toka asubuhi hadi jioni, nilikaa na vifaa vya masikioni huku studio ikirusha miziki ya gwaride. Siku ya kwanza nilichagua kwa moyo. Nilijaza rafu kwa rumba nilizozicheza, zile ambazo msichana yeyote wa rika langu alizijua kwa miguu. Jioni nilizitazama nikaona aibu. Rumba hizo zilikuwa zimetolewa kwa wingi. Zilikuwa Léopoldville, Brazzaville, katika kila baa yenye gramafoni. Nikizivunja, hazifi. Lakini mle kabatini mlikuwa na santuri ambazo padri fulani alizinasa mara moja tu, na nakala nyingine labda haikuwepo popote.

Siku ya pili niliitoa rafu yote nikaanza upya. Kwa kila santuri nilijiuliza swali moja: nikiivunja hii, iko wapi nyingine? Nilitoa nyimbo nilizozipenda, nikaingiza nyimbo nilizokuwa sijazipenda bado. Moja ilikuwa ya mwanamke akiimba kasala, yaani wimbo wetu wa kutaja majina ya ukoo na kuwalilia waliokufa. Mfereji ulikuwa umechakaa, sauti ilitoka kama kwenye mvua. Juu yake palikuwa na maneno mawili tu: "Mwanamke, Kasai". Hata jina hakupewa. Niliiandika majaribio namba kumi na saba.

Siku ya tatu tulivunja. Mimi mwenyewe nilishika nyundo; sikutaka Baba Chansa anifanyie. Zile rumba zangu nilizivunja nikiziimba kimoyomoyo, moja baada ya nyingine.

Inspekta alikuja kesho yake, saa nne asubuhi. Alikuwa mtu mrefu, mtulivu, kofia mkononi. Aliangalia vipande ndani ya magunia, akapita kati ya rafu zilizo wazi, akafika kwenye meza ya fundi.

"Hii rafu ni ya nini?"

"Majaribio, Bwana Inspekta," nikajibu. "Ya kupimia sindano."

"Nisikie moja."

Baba Chansa alikuwa ameweka zile za mlio pande zote mbili za rafu, kwa tahadhari. Inspekta akainama, akachomoa moja ya katikati. Namba kumi na saba. Niliipokea kwa viganja viwili, nikaiweka kwenye mashine, nikashusha sindano. Yule mwanamke akaanza kulia majina ya watu wake katika chumba chote.

Inspekta akageuka polepole. "Majaribio gani haya?"

Baba Chansa akasogea mbele yangu.

"Sauti ya mwanamuke, Bwana Inspekta," akasema kwa upole. "Mashine ikiwa na ugonjwa, sauti ya mwanamuke njo inaonyesha mbele. Ile mulio ya kawaida haionyeshe."

Inspekta alisogea karibu na mashine. Alisimama hapo dakika tatu nzima mpaka sindano ikafika mwisho na kuanza kukwaruza. Kisha akavaa kofia yake.

"Mashine yenu iko muzima," akasema, akatoka.

Mpaka leo sijui kama alijua. Nimemfikiria mara nyingi na nimeamua kumshukuru.

Juma lililofuata nilipata barua ya kuachishwa kazi, mimi na wafanyakazi wote wenye majina ya Kasai. Baba Chansa alinisindikiza na baiskeli mpaka kambini, akamwamkia baba yangu, akarudi peke yake kwenye santuri zile arobaini. Familia yetu ilipandishwa treni kwenda Kasai, nchi ambayo mimi sikuwahi kuiona. Yeye alibaki na hatari yote.

Kujitenga kwa Katanga kulipokwisha, nilirudi kazini. Baba Chansa alinipokea mlangoni, amekonda. Rafu ya majaribio ilikuwa kamili. Kila mwezi alikuwa ameifuta vumbi.

Direkta mpya alikuwa ametoka Léopoldville, kijana mchangamfu aliyetaka rumba tu, na rumba ilikuwa imerudi kwa masanduku, kama nilivyojua. Niliomba dakika tatu za matangazo, Jumapili baada ya misa.

"Mama, watu wamechoka na vilio," akaniambia.

"Hawajachoka, Bwana Direkta. Hawajapata nafasi ya kulia."

Akasaini kibali. Nikaipiga namba kumi na saba bila kusema lolote kabla wala baada.

Jumanne yake mlinzi aliniita getini huku akicheka. Kulikuwa na mama mmoja, muuza sombe, yaani kisamvu, beseni lake la majani kichwani. Alikuwa akimwomba amwonyeshe mwanamke anayeimba ndani ya redio.

"Ile sauti ni ya yaya yangu," akaniambia. Yaya, kwetu, ni kaka au dada mkubwa. "Alikufa mu treni, wakati ya kwenda Kasai. Sasa niko namusikia kwenu. Muko naye?"

Nilimpokea beseni, nikamwingiza studio, nikamkalisha kwenye kiti changu. Sindano iliposhuka, hakulia. Dada yake alipotaja jina la ukoo, yeye alilijibu, palepale panapotakiwa, kwa sauti ileile. Fundi nyuma ya kioo alivua vifaa vyake vya masikioni. Wimbo ulipokwisha yule mama aliniuliza karatasi ya santuri imeandikwa nini. Nikamsomea: Mwanamke, Kasai.

"Anaitwa Mbuyi," akasema. "Andikeni."

Nikaandika mbele yake, kwa wino.

Baada ya hapo nilitumika miaka mingi. Nilitumwa Kilwa na mashine ya kunasa sauti kurekodi nyimbo za wavuvi, gari likakwama matopeni siku mbili. Nilimzika Baba Chansa huko huko kwao. Nilipata cheo chake, na baadaye cheo cha juu ya hicho, chini ya wakurugenzi saba, wengine wenye masikio na wengine bila.

Siku ya kustaafu, Mkurugenzi alitoa hotuba akasema nilitunza hazina. Niliposimama nilimsahihisha kwa heshima. Sikutunza tu, nilichagua, na nilivunja pia. Anayechagua hubeba zote mbili. Nasema hivyo bila kuinamisha kichwa, kwa kuwa rumba zangu zote nilizikuta tena madukani, nzima, na zile arobaini sijawahi kuziona mahali pengine popote.

Fundi mmoja wa kike, aliyekaa mstari wa nyuma, akainua mkono. "Mama, hakuna hata moja ulikosea?"

Nikamwambia ipo. Wimbo wa wasichana wa kumsindikiza bibi harusi. Nilidhani kila mtu anao, nikauvunja. Niliutafuta miaka ishirini, Kasai na Kinshasa, ile Léopoldville ya zamani, sikuupata.

"Uko namna gani?" akauliza.

Sauti yangu si nzuri, lakini nilikuwa nimeusikiliza mara tatu. Nikaimba. Nilipofika ubeti wa pili, yule fundi akasimama ghafla akipekua mkoba wake.

"Mama, samahani," akasema. "Sikuwa nimefungua mashine ya kunasa sauti. Anza tena."

Nikaanza tena, toka neno la kwanza.