Datsun ya Zahoro wa Mkwiro

Kijiji cha Mkwiro hakina barabara. Kipo kwenye ncha ya mashariki ya kisiwa cha Wasini, na njia zake ni vijia vya mawe vinavyopita katikati ya nyumba, vya miguu ya watu na mbuzi tu. Kwa hiyo mwaka wa 1971, Zahoro Athmani alipoteremsha injini ufukoni na kuipandisha kwake akisaidiwa na wanaume watatu, ikining'inia kwenye mti wa mkoko waliouweka mabegani, kila mtu alidhani ni mashine ya boti. Zahoro alikuwa fundi wa mashine za boti, na kumwona na injini halikuwa jambo geni. Mkewe, Mishi, ndiye aliyeuliza mbona hii haina rafadha, lile panga la kusukuma maji.

"Ni ya gari," Zahoro alisema.

Mishi akauliza, "Gari la nani?"

"Letu."

Gari lenyewe lilikuwa ng'ambo, Shimoni, uani kwa Kibwana, kakake Mishi, aliyekuwa dereva wa lori la miwa. Lilikuwa Datsun ya aina ya 1600, ile yenye kabureta mbili. Wenyewe, watu wa Mombasa waliokuwa wakijizoeza mbio za magari, waliipindua mtaroni karibu na Ramisi. Kibwana aliwavuta kwa lori lake, na walipoona paa limebonyea na injini haizunguki, walimwambia aichukue tu. Kwa miezi minane kuku wake walitagia kiti cha nyuma.

Zahoro alikuwa ameshaiona Datsun kama ile ikikimbia. Siku moja alikuwa amesimama njia panda ya Shimoni akisubiri gari la kwenda Msambweni, ikampita moja ikiwa kasi, na dereva akabadilisha gia pale pale mbele yake. Sauti ya injini ilishuka, ikapanda tena bila kukatika. Alimwambia Mishi baadaye kwamba tangu siku hiyo kila mashine ya boti aliyoifungua aliiona nzito na ya uvivu. Wakati huo alikuwa na miaka arobaini na moja, na alikuwa hajawahi kushika usukani wa gari maishani.

Injini aliileta kisiwani kwa sababu vifaa vyake vyote vilikuwa huko. Aliifunga juu ya magogo ya mikoko nyuma ya nyumba, akaweka pipa la maji baridi kando ili lifanye kazi ya rejeta, na akaanza. Vali zilizopinda alizibadilisha. Njia za hewa alizisugua kwa msasa uliozungushwa kwenye kijiti mpaka zikawa laini kama ndani ya kikombe. Kisha akataka kuipunguza hedi, kile kichwa cha injini kinachofunika silinda, ili moto ubanwe zaidi na nguvu iongezeke. Mashine ya kukwangulia chuma hakuwa nayo. Alilaza kioo cha dirisha juu ya meza, akabandika msasa, akawa anaisugua hedi juu yake kwa mikono, mbele na nyuma, saa moja kila siku baada ya alfajiri, kwa wiki saba.

Ilipowaka mara ya kwanza bila ekzosi, ilisikika hadi mwisho wa kijiji. Imamu alikuja mwenyewe. Alimwomba kwa upole asiiwashe baina ya adhuhuri na alasiri, wakati wazee wanapolala, wala karibu na adhana yoyote. Zahoro alikubali, na ahadi hiyo hakuivunja.

Mwanzoni mwa mwaka wa sabini na mbili injini ilirudi Shimoni na kufungwa kwenye gari. Kibwana aliendesha, Zahoro akakaa kando. Kutoka Shimoni hadi njia kuu ni kama maili tisa za vumbi. Walipofika maili ya sita Kibwana alikuwa akicheka kwa raha. Maili ya saba injini ilianza kugonga, mlio mkavu kama kokoto ndani ya debe, na kabla hajaondoa mguu ukatoka moshi mweupe. Gasketi, ule utando unaoziba kati ya hedi na silinda, ilikuwa imepasuka na pistoni moja imetoboka juu.

Kibwana alimwambia kwamba amejitahidi, na kwamba hakuna atakayemlaumu akiacha hapo. Zahoro alikuwa ameshainamia injini akitafuta bolti ya kwanza ya kufungua.

Kosa aliligundua baada ya siku nne. Alikuwa ameisugua hedi kupita kiasi, na petroli iliyouzwa upande wetu haikustahimili kubanwa namna ile, ikawa inalipuka kabla ya wakati wake. Pistoni aliibadilisha, lakini chuma kilichoondoka hakirudi. Lililobaki lilikuwa kuinyanyua hedi kwa gasketi nene zaidi, na dukani haikuwako. Kibwana alimpatia kipande cha bati la shaba kutoka kwa fundi mmoja wa matangi. Zahoro alikata gasketi mbili, zote mbili zikaharibika, kwa sababu matundu yalikuwa mengi na mkono wake ulizoea vitu vikubwa.

Mishi alikuwa mshonaji kofia. Matundu madogo ndiyo kazi yake. Alivuka hadi Shimoni, akachukua kile kipande kilichobaki, akachora kwanza kwenye karatasi ngumu, akaipima juu ya injini mara nyingi, kisha akakata polepole kwa patasi ndogo, siku tatu nzima. Zahoro aliipasha shaba ile moto wa vifuu mpaka ikawa nyekundu, akaizamisha majini ili ilainike, akaifunga. Injini ilipowaka tena, Mishi alisimama kando yake akasikiliza kwa muda mrefu. Alisema haigongi. Haikugonga tena.

Sasa ikabaki kuendesha. Hapo ndipo palipokuwa na tatizo ambalo hakulitarajia. Zahoro alikuwa ameendesha boti tangu utotoni, na boti huendeshwa kwa kana, ule mpini wa nyuma. Ukitaka kwenda kushoto unausukuma kulia. Kwenye barabara iliyonyooka aliendesha vizuri. Akishtuka tu, kwa mbuzi au kwa shimo, mkono ulifanya kinyume. Aliuangusha ua wa jirani wa Kibwana mara mbili. Kwenye mtihani wa leseni, Kwale, alianguka mara mbili vilevile, na mara ya tatu akapita kwa kwenda taratibu mno hivi kwamba mtahini alimwuliza kama ni mgonjwa.

Kibwana alimwambia ukweli. "Shemeji, ukiogopa, mkono wako unarudi baharini."

Agosti ya mwaka wa sabini na tatu chama kimoja cha wapenda magari kiliandaa mashindano ya kupanda mlima wa Kwale, kutoka chini upande wa Matuga hadi karibu na mjini, gari moja moja, kila moja likipimwa muda wake. Magari yalikuwa kumi na manne. Mwandikishaji alimwuliza gereji yake iko wapi. Zahoro akasema Mkwiro, na yule bwana akaitafuta kwenye ramani, akaona bahari, akamtazama tena.

Alipoondoka, mchanga ulirushwa nyuma na watu waliokaa kwenye kingo wakasimama. Kona ya kwanza aliikata vizuri, na ya pili pia. Injini ilikuwa ikiimba kama alivyoitaka iimbe. Kwenye kona ya tano, yenye kokoto nyingi, nyuma ya gari iliteleza, akashtuka, na mkono ukasukuma upande usio wake. Gari lilipanda ukingo wa udongo na kusimama, taa moja imevunjika. Alirudi kinyumenyume, akapanda mlima uliobaki huku bati la mbele likikwaruza tairi. Alikuwa wa kumi na mbili.

Aliketi chini kando ya gari. Kisha akaja mwanamume mmoja wa Mombasa, dereva mwenye sifa, aliyekuwa wa pili siku hiyo. Alimwonyesha karatasi ya muda wa kila gari. Hadi alama ya katikati, kabla ya ile kona, Datsun ya Zahoro ilikuwa ya tatu katika magari yote.

"Gari lako ni zuri kuliko langu," yule mwanamume alisema. "Mwakani niachie niliendeshe mimi. Tutashinda, na jina litakuwa lako."

Zahoro alimshukuru kwa heshima. Alisema amelitengeneza ili aliendeshe mwenyewe.

Usiku huo huo alimweleza Mishi alichoamua, naye hakumpinga. Kuanzia siku iliyofuata Zahoro hakushika tena kana. Boti za wateja aliendelea kuzitengeneza, lakini za kujaribiwa zilijaribiwa na wenyewe, na kila alipovuka kwenda Shimoni alikaa katikati ya chombo mikono mapajani, kama bibi arusi. Mkwiro walimcheka sana. Mwanamume wa pwani, fundi wa boti, anavushwa na wengine. Yeye alivuka vivyo hivyo mwaka mzima. Na kila Ijumaa baada ya swala alipeleka gari kwenye uwanja wa kokoto karibu na njia panda, akaliacha liteleze makusudi, kushoto na kulia, mara hamsini kwa siku moja, mpaka mshtuko ukaisha mwilini mwake. Kibwana alisema kutazama tu kulimchosha.

Mwaka wa sabini na nne mafuta yalikuwa ya shida na magari yaliyofika yalikuwa tisa. Zahoro alikata kona zote. Kwenye kona ya tano gari liliteleza tena, akaugeuza usukani upande unaostahili, likanyooka, akaendelea. Alikuwa wa nne. Mishi, aliyekuja kutazama kwa mara ya kwanza, hakuelewa kwa nini mumewe analia kwa nafasi ya nne, akamfutia vumbi usoni kwa ncha ya leso.

Baada ya hapo mashindano yale hayakufanyika tena. Waliokuwa wakiyaandaa walihama, wengine walichoka. Watu wa Ukunda wenye Datsun zao walianza kumtafuta awaongezee nguvu, naye aliwasaidia waliokuwa tayari kusugua hedi kwa mikono yao wenyewe. Waliotaka kuacha gari na kurudi jioni aliwaelekeza kwingine.

Gari lake mwenyewe hakuliacha. Alibadilisha gia za nyuma, akashusha springi, na mara mbili kwa mwaka aliondoka Shimoni asubuhi mapema na mkewe, akaupanda tena mlima wa Kwale, Mishi akishika saa. Mwaka wa sabini na sita alipunguza sekunde tisa kwenye muda wake wa mashindano. Mishi aliuandika muda huo mpya kwa penseli upande wa ndani wa mlango, kisha wakashuka taratibu hadi Ukunda kununua mchele.